Mwalimu wa Vita vya Mpakani

Mwalimu alikuwa na vita vyake, na yeyote aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai alisimuliwa. Havikuwa vita alivyopigana mwenyewe. Vilikuwa vita vya kale kati ya Warumi wa Mashariki, waliotawala kutoka Konstantinopoli, na makhalifa wa Kiarabu, waliotawala kwanza kutoka Dameski, baadaye Baghdadi. Dola hizo mbili zilipakana kwenye milima ya Taurus, huko ambako siku hizi ni Uturuki, na kwa karne na karne zikagombania ngome zile zile. Majani yakiota, jeshi la huku linavuka. Mwaka unaofuata linavuka la kule. Ngome inabomolewa, inajengwa, inabomolewa tena. Ungekutana na Mwalimu kituo cha basi Tottenham, mvua inakupiga, mikono yote imeshika mifuko ya sokoni, naye angekusimamisha akueleze nani aliyekuwa na mji wa Tarso msimu fulani. Mimi mji huo niliujua kwa Mtume Paulo tu. Nilipomwambia hivyo akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesema anaijua London kwa sababu ameiona kwenye kalenda.

Nilimfahamu kwa ajili ya darasa la Jumamosi. Nilikuwa nimetoka Morogoro kumfuata mume wangu, nikapata kazi mapokezi hospitalini, nikamzaa binti yangu Neema hapa hapa Tottenham. Neema alisikia Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Wazazi wenzangu walikuwa na kilio hicho hicho. Mfuko mmoja wa hisani ukakubali kutulipia ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, tukaanza kutafuta wa kufundisha, na watu wakatuletea yeye: Mzanzibari mrefu, mwembamba, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote hata wakati wa joto, aliyesomesha historia Unguja kabla ya Mapinduzi na ambaye hapa Uingereza alikuwa akiuza tiketi stesheni ya treni. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa mkutanoni na sikuwepo kukataa.

Tulimwomba afundishe Kiswahili. Tulisema wazi, mbele ya wazazi wote. Jumamosi ya kwanza nikapita kuchungulia, nikakuta meza zimesukumwa ukutani, viti vimepinduliwa katikati ya chumba kuwa milima, watoto nusu ni Warumi na nusu ni Waarabu, na Mwalimu amesimama juu ya benchi akipiga kelele: "Theluji imeyeyuka! Njia ya mlimani iko wazi! Mnangoja nini?"

Malalamiko hayakuchelewa. Mama mmoja wa Mombasa alinishika mkono nje ya duka la nyama.

"Katibu, mwanangu kaja nyumbani anasema yeye ni Mrumi na leo kawapiga Waislamu. Mimi nimfanye nini?"

Nikampelekea Mwalimu shauri hilo. Hakuinua hata macho kwenye gazeti lake. "Mwambie asubiri. Jumamosi ijayo mwanawe atakuwa Mwarabu."

Ndivyo ilivyokuwa, kila wiki watoto walibadilishana upande. Na wiki iliyofuata akaja baba mmoja, mzee wa kanisa, kulalamika kwamba mwanawe amechoma kanisa. "Kanisa lile lilichomwa kweli," Mwalimu akamjibu. "Na msikiti nao ukachomwa. Ulitaka nisomeshe nusu?" Yule baba akanigeukia mimi. Watu walikuwa na tabia ya kunigeukia mimi.

Lakini nisimpunje. Katika vita vile kulikuwa na sheria moja: Kiingereza hakivuki mlima. Mtoto akitamka neno la Kiingereza, katekwa, anakwenda kukaa upande wa adui. Na mwisho wa kila mwezi kulikuwa na kubadilishana mateka. Mwalimu alitueleza kwamba hata dola zile, pamoja na chuki yao yote, kila baada ya muda zilikutana penye mto karibu na bahari, zikajenga madaraja mawili sambamba, na mateka wakavuka mmoja mmoja: Mwislamu huku, Mkristo kule, kwa wakati mmoja, kila mmoja akipokewa na watu wake kwa kelele za kumtukuza Mungu. Darasani madaraja yalikuwa mabenchi mawili. Mtoto hakuruhusiwa kuvuka mpaka aseme kwa Kiswahili yeye ni nani, alitekwa wapi, na alikumbuka nini kwao.

Siku moja nilikuwa mlangoni zamu ya Neema ilipofika. Alipanda benchi, akashika vidole vyake, akasema polepole: "Mimi ni askari. Walinikamata kwenye daraja la chini. Nilikumbuka uji wa mama yangu, na nilikumbuka mama yangu akiimba akiosha vyombo." Maneno yote hayo. Nyumbani alikuwa hajawahi kuniunganishia hata sentensi moja. Niliingia chooni nikalia, nikatoka nikamwambia Mwalimu asante. Akaniambia Neema amekosea, mlimani hapakuwa na daraja la chini.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ungeweza kumpenda kwa dakika kumi, halafu afungue mdomo. Alikuwa akiwasindikiza wazee kwenye ofisi za nyumba na za uhamiaji awatafsirie, bila malipo, siku yake ya mapumziko, na njia nzima akiwakaripia kwa nini hawakujifunza Kiingereza. Darasani alikikataza Kiingereza, nyumbani alisoma magazeti ya Kiingereza kuanzia nyuma, kwenye kriketi, na akiona kosa la nukta anaandika barua kwa mhariri. Msibani, mtu analia, yeye anamsahihisha ngeli. Na waliokufa zamani aliwavumilia kwa kila kitu. Angekuketisha amtetee mfalme aliyewatoboa mateka macho, akueleze shida zake, hofu zake, majirani zake. Lakini jirani yake mwenyewe wa ghorofa ya juu alipoacha baiskeli kwenye ngazi, hawakusemezana mpaka yule mtu akahama.

"Mpakani ndipo watu wanapojuana zaidi," alipenda kusema. Alikuwa akirudia kwamba wale wa milimani walijua lugha zote mbili, walioana, waliuziana farasi, na mkulima mmoja aliweza kudaiwa kodi na pande zote. "Hawapigani wasiojuana, bibie. Wasiojuana wana cha kugombania gani?" Na mtoto akimuuliza nani alishinda, alikasirika. "Usiniulize nani alishinda. Niulize nani alibaki wa kupanda ngano."

Mimi nilitaka atuambie kitu kingine. Tulikuwa na watoto wa Kizanzibari mle darasani ambao babu zao hawakutaka kufungua mdomo, na wa bara kama wangu ambao hawakujua hata kwamba kuna la kuuliza. Mwalimu alikuwepo Unguja mwaka wa Mapinduzi. Alikuwa mtu mzima, mwenye macho na akili. Nikamwomba, mara moja kwa mwaka, kwa adabu zote, aje na somo moja tu la yale aliyoyaona. Si siasa, nilimwambia. Yale aliyoyaona tu.

"Hilo si somo langu."

"Lakini ni maisha yako, Mwalimu."

"Ndiyo maana si somo." Kisha anarudi Tarso, na mimi narudi jikoni kwa hasira kuosha vikombe vya watoto.

Sasa, upande wa Stratford kulikuwa na darasa jingine. Nalo la Kiswahili, nalo la Jumamosi, nalo likilipiwa ukumbi na mfuko ule ule. Mwalimu wake alikuwa Mzanzibari vilevile, aliyesomesha hesabu, na ilikuwa inajulikana kwamba yeye na Mwalimu wetu waliwahi kufundisha shule moja Unguja, meza zao zikigusana. Mapinduzi yalipokuja, yule wa hesabu alikuwa upande wa waliopindua. Miaka michache baadaye na yeye akagombana na wakubwa, akatoroka, akaishia London kwa njia yake. Kwa hiyo walikuwa wakimbizi wote wawili, kila mmoja katika mtaa wake, na Mwalimu wetu hakulitaja jina la mwenzake hata siku moja. Ikimlazimu kumtaja, alisema "kule."

Watoto hawakuwa wengi. Mzazi akigombana na mimi, anampeleka mtoto Stratford. Akigombana na kule, anakuja kwetu. Mwalimu alifurahi akipata mtoto wa kule kama mtu aliyeteka ngome, na akimpoteza mmoja alinuna wiki nzima. Ule mfuko wa hisani ukaliona hilo. Wakatuandikia kwamba pesa zimepungua na hawawezi kulipia kumbi mbili kwa watoto wachache vile. Tukiungana, wataendelea. Tusipoungana, wanaacha.

Nilidhani ni jambo jepesi. Nikasafiri hadi Stratford kumwona mwalimu wa hesabu. Mzee mfupi, mpole, kofia yake safi, mke wake akanikaribisha vitumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi sina neno," akasema. "Nitakuja kwenu. Akitaka kuwa mkubwa wa darasa, awe. Mimi nitafundisha watoto kuhesabu, inatosha."

Jumamosi iliyofuata akaja Tottenham, katika mvua, na mwavuli mkubwa mweusi. Sikuwa nimemficha Mwalimu. Nilimwambia nani anakuja na saa ngapi, naye akanijibu "Sawa," kwa hiyo nikaamini ni sawa. Mwalimu wa hesabu akaingia mlango wa mbele, akasema, "Asalaam alaykum." Mwalimu wetu alikuwa amesimama katikati ya vile viti vilivyopinduliwa. Aliitikia salamu, maana aliona haya kutoitikia. Kisha akachukua koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma, kupitia maktaba.

Watoto wakanitazama. Mgeni wangu akasimama na mwavuli wake unaochuruzika maji.

"Mwache," akaniambia. "Mimi namjua."

Nilimkimbilia Mwalimu hadi barabarani. Sikuwa nimevaa koti. Nilimkuta anangoja taa za kuvukia, mtu aliyekimbia anangoja taa.

"Mwalimu! Ukiondoka, darasa limekufa. Unaelewa? Hakuna ukumbi, hakuna kitu."

"Naelewa."

"Miaka yote hii unawafundisha watoto habari za watu wawili waliopigana mpaka wakachoka wote, wakaja wengine kutoka mashariki wakawachukulia nchi. Hii si ndiyo hadithi yako? Huioni?"

"Naiona vizuri." Maji yalikuwa yanamtiririka usoni naye hakuyafuta. "Unadhani wale hawakuiona? Walikuwa na watu wenye akili, bibie. Walikuwa na washauri, waliandika vitabu. Walijua."

"Sasa?"

"Sasa taa imewaka," akasema, akavuka.

Nilirudi ukumbini. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha mlima, watoto wamemzunguka, anawafundisha mchezo wa kuhesabu kwa vidole. Alinywa chai yake, akaniomba radhi mimi, badala ya mimi kumwomba radhi yeye, akaenda zake. Mfuko ukaacha kulipa. Yeye alikuwa ameshazeeka, hakuweza kuendelea peke yake, na kule nako kukafungwa. Nilijaribu kuwafundisha watoto sebuleni kwangu, lakini mimi si mwalimu, na sebule ya ghorofa tuliyopangishwa na baraza la mtaa haitoshi milima. Haukupita muda Neema akarudia kunijibu Kiingereza. Kila alipofanya hivyo nilimkumbuka yule mtu kwenye taa za barabarani, na chai ikanichachia mdomoni.

Miaka ikaenda. Mwalimu wa hesabu akafariki. Nilikwenda kumzika, wanawake tukakaa na mjane wake, na nilipotoka nikaangalia kundi la wanaume uani, nikitafuta koti la kijivu. Halikuwepo.

Baada ya hapo, Jumamosi moja, nilikuwa Edgware Road na Neema, ambaye sasa ni mtu mzima na mrefu kunishinda. Tulikuwa tumenunua kitambaa, tukaingia mkahawa mmoja wa Kiarabu kupumzisha miguu, na Mwalimu alikuwa mle ndani, peke yake, nyuma ya kikombe cha kahawa. Koti limefungwa vifungo vyote. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Akatukaribisha mezani kwake kwa heshima kubwa, akamwuliza Neema anafanya kazi gani. Neema akaanza kujibu kwa Kiingereza, akajizuia, akajikokota kwa Kiswahili. Mwalimu alimsikiliza bila kumsahihisha. Hilo lilinitisha kuliko ile mikono.

Sikuwa nimepanga kusema chochote, lakini nilikuwa nimekaa nalo muda mrefu.

"Mwenzako alifariki," nikasema.

"Nilisikia."

"Hukuja kumzika."

"Sikuja."

"Mwalimu, mtu yule alikufanyia nini? Darasa lilikufa. Watoto wetu walipoteza lugha. Sikukuuliza siku ile, leo nakuuliza. Alikufanyia nini?"

Alizungusha kikombe juu ya sahani yake. "Aliniokoa," akasema.

Akasogeza kikombe kando.

"Tulikuwa wawili nyumbani, miye na mdogo wangu. Wakaja na lori, watu wana mapanga, wana bunduki, na yeye yuko nao. Wangetuchukua sote. Akanionesha miye kwa kidole, akawaambia, huyu mwalimu mwenzangu, namdhamini. Wakamuuliza, na yule? Akasema, yule simjui." Mwalimu akainua macho. "Alikuwa akimjua. Mdogo wangu alikuwa akila nyumbani kwake kila Ijumaa. Wakamchukua, hatukumwona tena. Nikaja nikamuuliza, kwa nini? Akaniambia, ningewataja wawili wasingeniamini, wangetuchukua watatu."

"Na ni kweli?"

"Ni kweli, Mama Neema. Nimeipima miaka yote hii kila upande. Ni kweli kabisa. Ingekuwa uongo ningemchukia nikapumzika."

Neema alikuwa ameelewa. Niliona kwa jinsi alivyoweka kijiko chini. Mimi, ambaye nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia, nilikuwa nimejaa hasira vilevile. Ningeambiwa mapema ningefanya jambo. Sijui jambo gani. Ningewapa siku tofauti, vyumba tofauti, pazia katikati.

"Ungeniambia siku ile," nikasema.

"Mvua ilikuwa ikinyesha."

Kisha akauliza kama mjane bado anakaa Stratford. Nikamwambia yupo, peke yake, watoto wamehama. Akamwita mhudumu, akanunua halua, sanduku kubwa, akalisogeza mbele yangu. "Mpelekee. Usimwambie imetoka wapi."

"Sipeleki," nikamjibu. "Peleka mwenyewe. Sisi tutapitia Stratford sasa hivi. Inuka, twende pamoja."

Nilitegemea akatae. Akainuka. Neema akambebea lile sanduku, tukatembea polepole hadi stesheni, Mwalimu akiwa katikati yetu, akitueleza kwa nini mashine za tiketi za siku hizi hazina adabu. Tukafika chini, treni ikaja, milango ikafunguka. Mimi nikaingia, Neema akaingia, nikageuka kumpa mkono Mwalimu. Alikuwa amesimama pale pale jukwaani, ncha za viatu vyake nyuma kabisa ya mstari wa njano.

"Mwalimu, ingia!"

Akatikisa kichwa kidogo. Milango ikafungwa. Neema alikuwa amekumbatia lile sanduku kifuani, akaniuliza, kwa Kiswahili safi, "Mama, sasa tufanye nini?"

Tulifanya nini? Tulikwenda Stratford. Mjane alifungua mlango, akafurahi kutuona, akauliza halua imetoka kwa nani, na mimi nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kubebeshwa siri za wanaume wale wawili. Akakaa kitini, akaweka sanduku magotini bila kulifungua. Mumewe, alituambia, kila Idi alikuwa akitoka asubuhi na kanzu yake kwamba anakwenda Tottenham, na kila Idi alirudi baada ya kuzunguka soko. "Mwambie aje," akasema. "Mwambie mimi siogopi kumsikiliza. Aje mwenyewe."

Jioni ile nikampigia simu Mwalimu. Alikuwa anachukia simu, ikalia sana kabla hajaipokea.

"Umempa?"

"Nimempa. Na nimemwambia imetoka kwako."

Nilijiandaa kukaripiwa, lakini aliuliza tu, "Kasema nini?"

"Kasema uje mwenyewe. Kesho, ukitaka."

Nikasikia nyuma yake redio ikitangaza kriketi.

"Jumapili treni za kwenda huko huwa na matengenezo," akasema.

"Kuna Jumatatu, Mwalimu," nikamwambia. "Kuna Jumanne." Lakini simu ilikuwa imeshakatwa, nami nikabaki nimeishika, nikiendelea kumtajia siku.